Alama ya Saba

Beni, tarehe 5 Machi 2001

Kwa Mama Kaswera Orpa, Mukubwa wa Programmes
Redio Tusikilizane, Butembo

Mama Directrice,

Nimepokea papier zako kumi na moja kwa mkono wa Paulin, dereva wa Fuso. Aksanti. Kama unavyojua, kila redio inayojiita ya watu wote katika eneo letu inapaswa kutuandikia, kwa kila programme, jina, siku, dakika na But, maana yake kazi ambayo programme hiyo inawafanyia wananchi. Tumetoa maneno matatu: kujulisha, kufundisha, kufurahisha. Unachagua moja, unaandika, unapiga cachet, ule muhuri wa redio. Si kazi ngumu.

Kumi zimepita. Ile ya magonjwa ya maharagi na mihogo, kufundisha. Bei za soko, kujulisha. Kwaya ya Jumapili, kufurahisha, ingawa kuna sauti moja ya wanaume ambayo hainifurahishi hata kidogo. Mais lakini ya kumi na moja, "Niko Muzima", Jumamosi saa kumi, mbele ya neno But hukuandika kitu. Uliacha nafasi nyeupe. Commandant Esdras, mukubwa wetu wa usalama, aliiona nafasi hiyo mezani pangu. Alisema mutu asiyetaka kusema anafanya nini, anafanya mubaya.

Nangoja jibu kabla ya tarehe 12.

Melchior Lusenge
Chef wa Bureau ya Habari


Butembo, 8 Machi 2001

Bwana Chef,

Jambo sana. Ile nafasi nyeupe hapana bukaidi. Nilikaa mbele ya papier yako saa mbili nzima na bic mu mukono. Niliandika kujulisha, nikafuta. Niliandika kufurahisha, nikasikia haya: mutu anatafuta mama yake, weye unasema ni kufurahisha? Kufundisha nayo, tunafundisha nani, nini? Donc, basi, niliacha. Kama kuko neno ya ine ku Beni, munitumie.

Mais nikuelezee vile ilianza, juu nasikia Commandant yako anatoka mbali, hajue majina yetu. Weye ni mutu wa Lubero, unajua. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Kila nyumba ni vile. Ukisimama mu soko ya Butembo uite "Kasereka!", nusu ya soko itageuka.

Mu mwezi wa kwanza tulisoma tangazo ya kifo: Kasereka wa Kalunguta amekufa ku njia. Tangazo ilikuwa ya kweli. Mais nyumba tatu zililia! Matanga tatu ku kifo moja! Siku ya pili Kasereka mumoja akatoka ku shamba ya mbali, akakuta batu bamejaa ku lupango, kiwanja ya nyumba yake. Akafikiri ni jirani amekufa. Akakaa na benzake, bakamupa sahani, na alikuwa amesha kula karibu nusu wakati mukwe wake alimuangalia uso, akapiga kelele. Yesu! Muzee alikuwa anakula matanga yake mwenyewe.

Ni Papa Kasereka Ézéchiel. Alikuja hapa ku redio na hasira yote: "Mulinizika, sasa munifufue!" Tukamuuliza, tuseme namna gani, na ba Kasereka beko mia? Akafikiri kidogo. Akasema: "Museme ni ule mwenye mbuzi yake ilikula kitabu ya nyimbo ya muchungaji." Tukasema. Butembo nzima ikacheka, na bibi yake mwenye alikuwa Kipese kwa bandugu akasikia, akavua kitambaa ya kilio palepale.

Tangu siku ile, mutu mwenye anataka ijulikane eko muzima anatuandikia karatasi. Jina, na alama: kitu yenye batu ba nyumba yake tu banajua. Fasi, pahali mutu eko sasa, hatusemake, juu ya usalama yake. Bamama ba soko njo banabebaka zile karatasi mu bitunga, njo bikapo byabo, chini ya bitunguu. Kila posho, ni kusema kila Jumamosi, tunasoma makumi mbili. Batu makumi tatu na saba bamesha onana tena.

Sasa nieleze weye. Ile ni kujulisha, ni kufundisha, ao ni kufurahisha?

Kaswera Orpa

N.B. Ile sauti ya mwanaume mu kwaya ni ya Zorobabel, fundi wetu wa machine. Sitamuambia.


Beni, tarehe 14 Machi 2001

Mama Directrice,

Nilimusomea Commandant barua yako. Pale pa Kasereka kula matanga yake alicheka, kisha akafunga uso. Yeye hasikii mbuzi. Yeye anasikia code, maneno ya siri. Kuna watu tisa ambao alama zao ziliandikwa katika bureau hii siku programme yako ikisomwa, na usalama inasema ni ujumbe unaokwenda kwa adui zetu, wapiganaji Mai-Mai wa musitu. Nakunakilia tatu:

Ya kwanza: mwenye mbuzi iliyokula kitabu ya nyimbo. (Wanasema mbuzi ni bunduki kubwa.)

Ya tatu: mwenye mulango nusu bleu, nusu kijani. (Wanasema ni barrière, kizuizi cha askari njiani.)

Ya saba: Mama Sagesse, ambaye maharagi yake yalitiwa chumvi mara mbili siku ya fiançailles, uchumba wake, na bwana akala sahani yote bila kusema neno. Niko muzima na batoto bawili. (Wanasema chumvi ni risasi.)

Zile zingine unaweza kuzieleza kwa barua. Hiyo ya saba, nataka karatasi yenyewe. Nani aliileta? Aliipokea Kasugho, ao mbele ya Kasugho? Mwandiko ni wa mwanamke? Ni bic ao kalamu ya kuni? Kuna neno lingine kwenye karatasi ambalo hamkulisoma? Umupe Paulin leo leo.

Melchior Lusenge
Chef wa Bureau ya Habari


Butembo, 17 Machi 2001

Bwana Chef,

Karatasi ya saba hakuna. Tukisha kusoma, tunachomaka zote.

Mi nilikuandikia sawa ndugu, nikafungua roho. Kumbe weye unatafuta mukono ya mwanamuke mumoja! Na ngoja kwanza: nani alikuambia Kasugho? Ku redio hatukutaja kijiji. Donc muko na masikio mu soko yetu, kati ya bitunga ya bamama. Aksanti kunijulisha. Ile njo kujulisha ya kweli.

Ule mama eko na batoto bawili mugongoni na vita mbele yake. Hana bunduki, hana code, eko na aibu ya maharagi ya zamani tu, na hata ile aibu ameitoa mbele ya batu bote juu bwana yake amusikie. Kama munatafuta mutu wa kufunga, miye niko. Nakaa nyuma ya soko, mulango ya manjano. Hata alama nimekupa.

Kaswera Orpa


Beni, tarehe 21 Machi 2001

Mama Directrice,

Hii ni decision, si barua.

"Niko Muzima" imesimamishwa kuanzia leo. Siku ya Jumamosi tarehe 7 Aprili, saa ine asubuhi, watu wote tisa wa ile liste wafike Beni, katika kiwanja cha bureau ya usalama, kila mumoja na ushahidi wa alama yake. Wakithibitika wote, programme inafunguliwa. Hata mumoja akikosa, programme inafungwa daima na studio inatiwa kufuli. Hayo ni maneno ya Commandant Esdras, nimeyaandika jinsi alivyoyasema.

Melchior Lusenge
Chef wa Bureau ya Habari

Swali moja, naliandika kwa mukono, bila cachet. Mama wa ile ya saba alisema batoto bawili. Ni bawili kweli? Hukukosea wakati wa kusoma?


Butembo, 26 Machi 2001

Bwana Chef,

Ulitufunga kinywa ya siku ya posho, mais programme ya shamba ya Ijumaa uliisahau. Mwito yako ya batu tisa nimeisoma katikati ya dawa ya magonjwa ya maharagi, na batu bamesikia. Papa Ézéchiel anakuja. Mama wa mulango anakuja. Nane bamekubali.

Wa saba hatakuja. Miye njo nilimutumia neno asikuje, kwa njia yenye hautaijua. Njia kati yake na Beni iko na barrière sita, na kila barrière iko na bunduki, na mwisho ya njia iko weye na maswali yako. "Batoto bawili, bawili kweli?" Unahesabu batoto ya mutu sawa muwindaji anahesabu nyayo! Hauoni haya? Hauna bibi weye, hauna batoto?

Tarehe saba nitasimama na nane yangu, nitaomba. Nikishindwa, Mungu anaona. Mais sitauza mutu mumoja juu ya kuponyesha redio. Redio ya watu wote, ule mama pia ni mutu wake.

Kaswera Orpa


Butembo, 9 Aprili 2001

Yaya Melchior, ndugu mukubwa,

Sijue kama barua hii itakufikia mule bamekufungia. Paulin anasema ataipana kwa dada yako, na dada yako ataiingiza na chakula. Posho ile askari balikupeleka mbele sijakushika hata mukono, donc naandika yote yenye sikusema.

Kwanza, nilidanganya. Karatasi ya saba sikuichoma. Hatuchomake hata moja. Ilikuwa mu Biblia yangu, mu Zaburi. Iko humu ndani. Uangalie mukono, ni ya mwanamuke. Uangalie bic.

Pili, nisamehe. Ile swali ya batoto bawili niliisoma sawa mutego. Kumbe ilikuwa baba anauliza. Nilikuita muwindaji, nikakuuliza kama hauna bibi! Nikifikiri ile barua, nataka kuficha uso chini ya meza.

Mais ulituona? Nieleze kama ulituona vizuri, juu weye ulikuwa unaandika, kichwa chini! Papa Ézéchiel alitembea toka Kalunguta na mbuzi ku kamba, na kitabu ya nyimbo yenye inaishia ku wimbo ya mia mbili na tatu. Commandant akageuza kitabu, akatafuta alama ya meno. Na mbuzi ikanyoosha shingo, ikang'oa kona ya registre yake, mbele ya askari bote! Nani aliweza kuuliza ushahidi ingine? Mama wa mulango alibeba mulango yenyewe ku kichwa, bleu juu, kijani chini, juu rangi ilimuishia katikati. Akaisimamisha mu kiwanja, akapita nyuma yake, akapiga hodi. Hata askari bakacheka. Mumoja mumoja, nane bakapita.

Kisha Commandant akasema: "Ya saba."

Nilikuwa nimesha fungua kinywa nidanganye tena. Na weye ukaweka bic chini, ukatoka nyuma ya meza, ukasimama fasi ya batu ba kuulizwa. "Ya saba ni yangu, Commandant. Ile maharagi nilikula miye."

Askari bote bakageuza shingo. Commandant akakuuliza kama bibi yako eko upande wa badui. Ukasema: "Eko kwa bazazi yake ku Kasugho. Mwezi wa kumi batu benye balikimbia kule baliniambia amekufa. Miezi ine nililia mutu mwenye eko muzima. Ni hii redio ilimufufua." Nilikuwa nangoja bakupige. Commandant akakuangalia, akakuangalia. Akauliza: "Sahani yote?"

Ukasema: "Yote, Commandant."

"Na maji?"

"Maji niliomba nikisha kufika kwetu."

Papa Ézéchiel njo alianza kucheka. Kisha bamama, kisha askari, kisha Commandant mwenyewe, mupaka akavua kofia apanguse macho. Na cachet ikapigwa! Yaya, ile sauti ya cachet ku meza, hakuna kwaya yenye imesha nifurahisha vile. Tulirudi mu Fuso ya Paulin tunaimba, na mbuzi katikati yetu, na mulango juu ya mizigo. Tulishinda! Mais nilipogeuka nikuone, askari babili balikuwa pembeni yako, na nikaacha kuimba.

Ukitoka, uniandikie neno moja tu. Posho hii tunafungua programme. Nitasoma nane. Fasi ya saba naiacha nyeupe, nakungoja.

Kaswera


Beni, 17 Aprili 2001

Yaya Kaswera,

Nimetoka. Balinishika siku tano. Habakunipiga, baliuliza tu, maswali yangu yote yenye nilikuuliza weye, ni yale yale baliniuliza miye: kijiji gani, nani alileta, mukono ya nani. Nikajua vile inauma. Balichukua cachet, ufunguo ya bureau, na kiti. Mwezi wa tano nitafundisha kifaransa ku masomo ya mapadri. Niko sawa. Commandant mwenyewe alikuja kunifungulia mulango. Alisema kitu moja: "Bibi yako akifika ku barrière, ataje jina yangu."

Karatasi niliipata chini ya fufu, kama chini ya bitunguu ya bamama yako. Ni mukono ya Nadège, bibi yangu. S yake inainamaka sawa mutu anatafuta kitu chini. Na ameandika bawili. Balioniambia habari ya mwezi wa kumi balisema mutoto wetu mudogo, Précieux, alikufa wa kwanza, ku musitu, na mama yake kisha. Donc ile swali yangu. Hukukosea kitu, yaya. Ungekuwa miye, ungeuliza vile vile.

Kuko jambo moja haulijue, na kama sikuandike leo sitaliandika tena. Mwezi wa pili, posho ile, ilikuwa kazi yangu kusikiliza redio yako na mwenzangu, tuandike maneno mabaya. Ukasoma chumvi. Bic ikaniponyoka. Mwenzangu akauliza: "Hii pia tuandike?" Niliogopa aone uso yangu. Nikasema: "Andika." Njo vile ile liste ilikuwa na tisa. Ingekuwa nane. Bibi yangu alinifunulia aibu yake mbele ya inchi nzima juu nimusikie, na miye nikamutia ku liste ya badui, juu ya woga. Ku kiwanja sikuwa shujaa. Nilienda kufuta kitu yenye niliandika.

Ulinipa karatasi, nami nakupa karatasi. Usome posho hii, pole pole, juu ku Kasugho redio haisikike vizuri.

"Niko Muzima. Papa Sagesse, mwenye alikula sahani yote. Ile maharagi ilikuwa na chumvi mingi sana. Siku ile niliogopa kusema. Leo nasema ku redio, batu bote basikie. Ku barrière utaje jina ya Commandant Esdras. Kuya na batoto bawili."

Melchior


Butembo, 23 Aprili 2001

Yaya,

Nilisoma. Mara tatu, pole pole. Mara ya tatu Zorobabel alilia ku machine yake, akasahau kufunga micro, na Butembo nzima ikasikia vile anapuliza mapua. Batu banasema ile njo sauti yake muzuri kupita ya kwaya.

Ku soko habaniachi nipite. Bamama ba chumvi banaita banunuzi: "Kuya, chumvi ya fiançailles! Tia mara mbili!" Bwana mumoja alisimama mbele ya duka, akauliza bibi yake kwa sauti: "Na weye, nikuambie kweli juu ya supu yako?" Bakafukuzana mupaka ku kona. Na karatasi za wiki hii zimefika mia na makumi ine. Mia na makumi ine, yaya! Bitunga hazina tena fasi ya bitunguu.

Mais chef mupya mwenye alikaa ku kiti yako ameniandikia. Anataka papier ya programme, ijazwe yote, "bila nafasi nyeupe". Nimekaa tena mbele ya ile But na bic mu mukono. Weye njo ulinisumbua na hii neno, donc weye njo utaijaza. Nakutumia papier. Hapana haraka. Nitamuambia chef mupya mbuzi ilikula papier yake.

Kuko habari ya Nadège?

Kaswera


Beni, 21 Mei 2001

Yaya Kaswera,

Nisamehe kukawia. Nilibeba papier yako mu mufuko ya koti mwezi muzima. Kila posho nilisikiliza, kila siku nilienda ku barabara kuangalia magari, na mbele ya But sikuwa na kitu ya kuandika kupita weye. Leo nimepata. Hapana mu yale maneno matatu. Kama chef mupya anakataa, aje kuniuliza, anajua nyumba yangu.

Cachet sina tena. Bwana chef atie yake.

Melchior, Papa Sagesse

JINA: Niko Muzima.

SIKU NA SAA: Jumamosi, saa kumi.

DAKIKA: Mupaka karatasi ziishe.

BUT: Jana saa tisa Nadège alifika ku mulango na Sagesse na Précieux. Leo alipika maharagi. Nilikula kijiko moja, nikamuambia chumvi imezidi. Akalia, akacheka, akaniongezea sahani.